Udugu Hauogopi Daftari

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina moja ya makada vijana iliyofanyika hapa Arusha, kijana mmoja kutoka Pemba alinyoosha mkono akauliza swali. Alitaka kujua ni kwa hesabu gani Zanzibar hupewa fungu lake katika mapato ya Muungano, na hesabu hiyo imeandikwa wapi ili mwananchi wa kawaida aweze kuisoma. Aliuliza kwa adabu, kwa sauti ya chini, akaanza kwa kuniita "Ndugu mkufunzi." Mkufunzi wa somo lile nilikuwa mimi.

Sikuwa na jibu. Na kwa kuwa sikuwa na jibu, nilikimbilia pale ambapo kiongozi asiye na jibu hukimbilia. Nilimwambia kijana yule kwamba maswali ya namna ile huwanufaisha maadui wa Muungano, na kwamba umoja wetu una thamani kubwa kuliko shilingi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kijana akaketi, na kwa siku mbili zilizobaki za semina hakuuliza tena neno lolote.

Nayaandika haya kwa sababu makofi yale yamenikaa moyoni kama deni. Kabla sijaingia shule ya serikali nilikaa juu ya mkeka wa chuoni, mbele ya maalim, nikajifunza nilichojaaliwa. Katika mambo aliyotufundisha ni kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani si aya ya vita. Ni aya ya deni. Inawaagiza waumini waandikiane wanayokopeshana, yawe madogo au makubwa, kwa mkono wa mwandishi mwadilifu na mbele ya mashahidi. Maalim wetu alituuliza: mbona agizo hili wamepewa waumini, ambao ni ndugu? Halafu akajijibu mwenyewe: kwa sababu maadui hawakopeshani. Wanaokopeshana ni ndugu, na kwa hiyo ni ndugu ndio wenye haja ya maandishi, ili undugu wao usije ukaharibiwa na usahaulifu.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo mbele ya ndugu zetu wa Visiwani na mbele ya watumishi wa Serikali zetu mbili. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni udugu wa kweli. Kwa hiyo haupaswi kuliogopa daftari.

MJI WA MIKATABA

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kuuliza: mtu wa Arusha, aliye mbali na bahari, anahusikaje na jambo hili? Kwanza, anahusika kwa tumbo lake. Mgeni anayekuja kuona wanyama wa mbuga zetu, mara nyingi hupanda ndege ya Unguja akamalizia safari yake ufukweni. Mshahara wa dereva wa Arusha na mshahara wa mpishi wa Nungwi hutoka katika mfuko wa mtu mmoja. Pili, mji huu umeona mikataba mingi ikitiwa saini, na umeona walau mmoja ukifa.

Hapa ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Hapa yalitiwa saini makubaliano ya amani ya Rwanda ya Agosti 1993, na ya Burundi ya Agosti 2000. Na ni mji huu ambao Mkataba wa 1967 uliufanya kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza.

Jumuiya ile ilikuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege vya pamoja. Ilivunjika mwaka 1977. Sababu zake zilikuwa nyingi. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971, wakuu wa nchi hawakuketi tena pamoja. Siasa za uchumi za Kenya na za Tanzania nazo zilikuwa zimeachana njia. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na manung'uniko ya siku nyingi kwamba mshirika mmoja anafaidi zaidi ya wenzake, na kila upande ulimshuku mwenzake kuwa anakalia fedha za wote. Kugawana mali kulichukua miaka saba. Mkataba wa mgawanyo, uliopatikana kwa usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, ulitiwa saini hapa hapa Arusha mwezi Mei 1984. Wafanyakazi wa Jumuiya ile walidai haki zao mahakamani kwa miaka mingi baada ya hapo, na wako waliofariki dunia wakiwa bado wanadai. Anayedhani kwamba hesabu ni jambo dogo mbele ya umoja, na awaulize wajane wao.

Ni kweli kwamba Muungano wetu si Jumuiya. Ile ilikuwa ushirika wa dola tatu, na huu ni dola moja. Lakini maradhi ya hesabu zisizosemwa ni yale yale, na dawa yake ni ile ile.

MAMBO 11 NA MAMBO 22

Hati za Muungano zilitiwa saini Unguja tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume, siku 101 baada ya Mapinduzi ya 12 Januari. Tarehe 26 Aprili Muungano ukazaliwa, na udongo wa nchi mbili ukachanganywa katika chombo kimoja. Mambo yaliyowekwa chini ya Muungano yalikuwa 11, na kila mtu aliyesoma shule zetu aliyasoma: Katiba na Serikali ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, na mengineyo hadi ushuru wa forodha, bandari na posta.

Baadaye orodha ilirefuka. Mwaka 1965 yaliongezwa mambo ya sarafu na mabenki. Mwaka 1968 yakaja mafuta na gesi asilia. Mwaka 1973 likaingia Baraza la Mitihani la Taifa, na mwaka 1992 uandikishaji wa vyama vya siasa. Kwa jumla, Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ikafikia mambo 22. Maongezo hayo yalipita Bungeni, na mengi yalikuwa na sababu njema; nchi moja haiwezi kuwa na sarafu mbili zinazogombana. Lakini ndugu zetu wa Visiwani wamekuwa wakiuliza, na wana haki ya kuuliza: mkataba wa watu wawili unapoongezwa, idhini ya yule wa pili imeandikwa wapi?

Swali hilo si la uhaini, na ushahidi ni kwamba lilipozungumzwa kwa uwazi, njia ilipatikana. Kwa miaka mingi mafuta na gesi yalikuwa mwiba baina ya pande mbili. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliiwezesha Zanzibar kusimamia yenyewe mafuta na gesi yake, na mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Je, Muungano ulivunjika kwa hilo? La hasha!

Upande wa fedha, hata hivyo, daftari limebaki na kurasa tupu kwa muda mrefu mno. Katiba ya 1977, katika Ibara ya 133, inaagiza kuwepo kwa Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo Serikali mbili zitatia michango yao kwa ajili ya shughuli za Muungano. Ibara ya 134 inaunda Tume ya Pamoja ya Fedha, ili ichambue mapato na matumizi na kupendekeza mchango na mgawo wa kila upande. Sheria ya Tume hiyo ilitungwa mwaka 1996, lakini Tume yenyewe ilizinduliwa mwaka 2003, na Akaunti iliendelea kungojewa kwa miaka mingi baada ya hapo. Katika pengo hilo ilitumika kanuni ya muda iliyoipa Zanzibar asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti kutoka nje.

Huenda asilimia 4.5 ni haki, huenda ni kidogo, na huenda hata imezidi. Sitaki kuhukumu. Ninachosema ni kwamba kipimo cha muda kikitumika miaka na miaka huzaa manung'uniko ya kudumu, kwa sababu mpokeaji hudhani anapunjwa na mtoaji hudhani anatoa sadaka. Hapo ndipo lilipokuwa swali la kijana wa Pemba. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

KOTI LA MKUBWA

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Jamhuri ya Muungano. Kati yao, waliohesabiwa Zanzibar walikuwa 1,889,773. Kwa kila mtu mmoja wa Visiwani, wako karibu watu 32 wa Bara. Waasisi waliiona tofauti hii tangu mwanzo, na ndiyo maana waliiachia Zanzibar Serikali yake, ili mdogo asimezwe. Tanganyika haikubaki na Serikali ya peke yake. Mambo yake yakashikwa na Serikali ya Muungano.

Busara hiyo ilikuwa na gharama yake. Serikali ile ile inayoamua asubuhi jambo la wote, huamua mchana jambo la Bara peke yake, na anayeitazama kutoka ng'ambo ya bahari hawezi kupambanua ni saa ngapi imegeuka. Ndipo Wazanzibari wakasema kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. Malalamiko hayo yalifika mbele ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoteuliwa mwaka 2012, ambayo rasimu yake ilipendekeza Serikali tatu. Kabla yake Tume ya Jaji Nyalali, na baadaye Kamati ya Jaji Kisanga, zilikwisha kupendekeza hivyo hivyo katika miaka ya 1990. Bunge Maalum la Katiba, katika Oktoba 2014, lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye Serikali mbili. Na kura ya maoni iliyokuwa ipigwe tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa.

Tatizo hili la koti si letu peke yetu. Sisi katika Kiswahili husema "Uingereza" tukiwa na maana ya dola zima, na hapo hapo tukiwa na maana ya England peke yake. Kosa hilo dogo la ulimi ndilo hasa lalamiko la watu wa Wales tangu zamani. Nchi yao iliunganishwa na England kwa sheria za Mfalme Henry VIII katika karne ya 16, bila wao kuulizwa, na lugha yao ikatolewa mahakamani. Kwa sensa ya 2021 Wales ilikuwa na watu milioni 3.1, na England milioni 56.5. England haina Bunge lake. Mambo yake huamuliwa katika Bunge la wote lililoko London, na walio wengi katika Bunge hilo ni wabunge wa England. Koti ni lile lile.

Mwaka 1957 Bunge hilo lilipitisha sheria ya kuliruhusu jiji la Liverpool, lililoko England, kuligeuza bonde la Tryweryn, lililoko Wales, kuwa ziwa la maji ya kunywa. Wabunge wa Wales, karibu wote, waliipinga sheria hiyo. Ikapita. Kijiji cha Capel Celyn, kilichokuwa kikizungumza lugha ya Wales, kilizama pamoja na shule yake na nyumba yake ya ibada, na bwawa likazinduliwa mwaka 1965. Baraza la jiji la Liverpool lilikuja kuomba radhi mwaka 2005, baada ya miaka 40.

Liverpool haikuwa adui wa Wales. Ilikuwa na kiu, ikawa na kura za kutosha. Lakini jambo lililo halali kwa hesabu ya vichwa laweza kuwa dhuluma kwa hesabu ya udugu. Jeraha lile lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamsha siasa ya Wales. Mwaka 1979 watu wake walikuwa bado wamekataa kuwa na Baraza lao. Mwaka 1997 walilikubali kwa asilimia 50.3 ya kura. Na mwaka 2011 wakalipa mamlaka kamili zaidi ya kutunga sheria. Dola halikuvunjika kwa kuyasikiliza madai hayo.

Mkulima yeyote wa miteremko ya Mlima Meru angeweza kuwaambia Waingereza jambo hili mapema. Mlima huu wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 unawanywesha Wameru na Waarusha, makabila mawili yenye asili na lugha mbalimbali. Maji hushuka kwa mifereji, shamba hadi shamba, na wenye mashamba hugawana kwa zamu. Kanuni ya zamu haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa juu. Huyo maji yamemfikia tayari, na akitaka aweza kuyaziba yote. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa chini, na mtu wa juu huiheshimu kwa sababu anajua kwamba pasipo kanuni atalala kila usiku akilinda mfereji kwa panga. Anayenufaika na haki, basi, ni hata yule mwenye nguvu.

MANUNG'UNIKO YA PANDE MBILI

Insafu inatudai tuseme pia kwamba manung'uniko hayatoki upande mmoja. Mzanzibari hulalamika kwamba bidhaa aliyoilipia ushuru Unguja hutozwa tena anapoivusha kwenda Dar es Salaam. Hulalamika kwamba Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa uanachama wa Shirikisho la Soka la Afrika, na Julai mwaka huo huo ikavuliwa kwa hoja kwamba si nchi. Mbara naye huuliza kwa nini Mzanzibari aweza kununua kiwanja na kufungua duka Arusha, hali yeye hawezi kumiliki ardhi Unguja kwa urahisi huo huo. Huuliza pia kwa nini wabunge kutoka majimbo 50 ya Zanzibar hupiga kura Dodoma juu ya shule na barabara za Bara, wakati mbunge wa Arumeru hana kauli juu ya shule za Pemba. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai Serikali ya Tanganyika Bungeni, na Mwalimu, ambaye alikuwa amekwisha kung'atuka, alisimama imara kuwapinga.

Hakuna mfano unaoonyesha hali yetu vizuri kuliko umeme. Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba ikaunganishwa kutokea Tanga mwaka 2010. Waya huo ni Muungano unaoonekana kwa macho. Mei 2008 ulipoharibika Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa tena gizani miezi mitatu. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa barafu Darajani hakuhitaji semina ya kumweleza maana ya kutegemeana. Na mwaka 2017 zogo kubwa lilipozuka juu ya deni la umeme la Zanzibar kwa TANESCO, hata likatajwa suala la kukata, wananchi wa pande zote mbili walijikuta wakibishana kwa hamaki juu ya hesabu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona. Wa huku walisema wenzao hawalipi. Wa kule walisema wenzao wanawabana. Daftari lingekuwa wazi, mabishano yale yangekuwa ya wahasibu na yangekwisha kwa siku moja.

ANAYEULIZA SI ADUI

Hapa sina budi kusema na wenzangu wa Chama na wa Serikali. Tumekuwa na tabia ya kudhani kwamba kila anayeuliza juu ya Muungano anataka kuuvunja. Tabia hiyo imetugharimu.

Mzee Aboud Jumbe ndiye aliyeiongoza ASP kuungana na TANU mwaka 1977 na kuzaa Chama Cha Mapinduzi. Hakuna awezaye kusema mtu huyo hakuupenda umoja. Lakini alipoandaa hoja za kikatiba juu ya muundo wa Muungano, ili zipelekwe mbele ya Mahakama Maalum ya Katiba, jambo hilo lilihesabiwa kuwa ni kuchafua hali ya hewa ya kisiasa, na mwezi Januari 1984 alijiuzulu baada ya kikao cha Dodoma. Hoja zake hazikuondoka pamoja naye. Zilirudi katika miaka ya 1990, zikarudi mwaka 2014, na zitarudi tena. Mahakama ile imeandikwa katika Ibara ya 125 na zile zinazoifuata. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na upande mmoja na nusu na upande wa pili, na uamuzi wake hutaka theluthi mbili za kila upande. Ni mizani iliyotengenezwa kwa akili nyingi. Lakini miongo ilipita bila mahakama hiyo kuketi. Mizani iliyofungiwa kabatini haimpimii mtu kitu.

Watu wa Meru wanayo historia yao katika hili. Novemba 1951 utawala wa Kiingereza uliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Wameru hawakuchukua mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini alirudi na kitu ambacho mkoloni hakuweza kumnyang'anya: mfano wa mtu mdogo aliyesimama mbele ya mkubwa akasema haki yake kwa hoja na kwa nyaraka. Mkoloni alimwona mkorofi, na sisi tunamwita shujaa. Je, tutamheshimu vipi Kirilo Japhet na huku tukimwambia kijana wa Pemba akae chini?

Kwa ndugu zetu wa Visiwani nina neno pia, na ninalisema kwa taadhima. Yako malalamiko yenye hesabu ndani yake, na yako yaliyo chuki tupu juu ya mtu wa Bara, muuza vitunguu na fundi ujenzi, ambaye hakutunga Ibara yoyote. Malalamiko ya namna ya pili huyaharibia jina yale ya kwanza, na kumpa kiongozi mvivu kisingizio cha kutosikiliza yote mawili. Mwaka 2021 Mzanzibari, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, kwa mujibu wa Katiba na bila mtikisiko. Hilo si jambo dogo. Lakini mtu mmoja kushika kiti cha juu hakumwondolei mfanyabiashara wa Mkunazini ushuru wa mara mbili. Madai yenu yasimame juu ya karatasi, wala yasisimame juu ya mtu.

LA KUFANYA

Wako watakaouliza: mwandishi anataka Serikali mbili au tatu? Nitawajibu kwamba Serikali zikiwa mbili zitahitaji daftari, na zikiwa tatu zitahitaji madaftari zaidi. Mjadala wa idadi umetufanya tusahau mjadala wa hesabu, ambao tungeweza kuumaliza bila kubadili hata nukta moja ya Katiba.

Kwanza, mapato na matumizi ya mambo ya Muungano yachapishwe kila mwaka kwa Kiswahili chepesi, upande kwa upande, na yabandikwe katika ofisi ya kila wilaya, Wete kama Arumeru. Pili, agizo la Ibara ya 133 litekelezwe kama lilivyoandikwa, na kanuni za muda zipewe tarehe ya mwisho. Tatu, vikao vya pamoja vya Serikali mbili, ambavyo tangu mwaka 2006 vimekuwa vikishughulikia hoja za Muungano, na vimetangaza kuzipatia nyingi ufumbuzi, viueleze umma kila hoja ilikuwa nini, iliamuliwaje na nani alikubali nini. Ufumbuzi usiosomwa na wananchi huonekana kwao kama siri nyingine. Nne, Mahakama Maalum ya Katiba ama ipewe kazi, ama itafutiwe mbadala utakaofanya kazi.

Hakuna hata moja katika manne hayo linalompunguzia mtu wa Bara chochote ambacho ni haki yake. Hakuna hata moja linalomfanya Mzanzibari kuwa mgeni katika nchi yake. Yanachodai ni ujasiri wa kufungua kitabu mbele ya ndugu.

Udongo uliochanganywa mwaka 1964 hauwezi kupambanuliwa tena chembe kwa chembe, wala hatutaki upambanuliwe. Watoto wamezaliwa juu yake, wa baba wa Mkoani na mama wa Tengeru, na hao hawana upande wa kurudi. Kwa ajili yao hatuna ruhusa ya kuuacha Muungano uishi kwa makofi.

Sijui kijana yule wa Pemba yuko wapi leo. Ikiwa makala haya yatamfikia, namwomba radhi mbele ya wasomaji, kama nilivyomnyamazisha mbele ya wenzake. Swali lako, ndugu yangu, lilikuwa la haki. Jibu lake mkufunzi wako hakuwa nalo. Sasa analiuliza pamoja nawe.